Mnapofungua mashamba ya korosho, tuachieni vichaka

Kuna jambo linalotuumiza sisi wakazi wa Madimba, mkoani Mtwara. Mimi ni mkulima wa korosho na sipingi mikorosho mipya. Ninachopinga ni namna mashamba makubwa ya pamoja yanavyofunguliwa huku kwetu. Katapila linaingia asubuhi, na ikifika jioni hakuna kilichosimama, tangu mlimani hadi ukingoni mwa korongo.

Eneo lililosafishwa karibu na kijiji chetu lilikuwa na vichaka vya ming'oko. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, huu ni mmea wa porini unaotambaa juu ya miti, na chini yake una viazi vyembamba. Huku kwetu hakuna anayeupanda. Mvua zikiisha, akina mama huingia kichakani na majembe, wakaufuata mzizi taratibu wasiukate, kisha huchemsha walichopata na kukiuza kwa mafungu hadi Mtwara mjini. Pesa hiyo ndiyo inayonunua madaftari na sabuni kabla minada ya korosho haijaanza. Sasa wanalazimika kwenda vijiji vya mbali, na wenyeji wa huko wameanza kuwazuia. Aliyepanga shamba lile angewauliza hao akina mama kabla hajapima, angejua pa kuacha.

Mkorosho wenyewe pia unakihitaji kichaka. Wale chungu wekundu tunaowaita maji moto, wanaoshona majani kuwa viota, huwawinda wadudu waharibifu wanaoitwa mbu wa mikorosho. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, wamelichunguza jambo hilo. Maji moto hukaa pia kwenye miembe na miti ya porini. Nyuki nao wanaochavusha maua yetu hutoka huko huko. Ukifyeka kila kitu, unabaki na mikorosho iliyopangwa mita 12 kwa 12 na gharama za dawa kila msimu.

Tena kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Korongo letu linamwaga maji yake kwenye mikoko, upande wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Udongo wa shamba tupu unaishia huko, kwenye kamba na kaa wa wavuvi wetu.

Tunachoomba si kikubwa. Kabla ya kufungua shamba jingine, mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, vichaka vya ming'oko na kingo za korongo viingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na ukanda wa miti ya asili uachwe kati ya shamba na shamba. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake.

Vigingi vya awamu ya pili ya mashamba hayo vimeshachomekwa, vingine katikati ya vichaka. Tunaomba vihamishwe kabla katapila halijarudi.

Mkulima wa korosho,
Madimba, Mtwara