Ninyi Mlioondoka, Tuambieni Ukweli



Wiki hii kikundi chetu tulisoma kuhusu Wajapani wanaougua wakifika Paris. Tulicheka sana, jamani! Mtu anadunduliza pesa miaka, anapanda ndege, halafu akifika mji wa ndoto zake anatetemeka na moyo unaenda mbio. Daktari Mjapani aliyefanya kazi hukohuko, Hiroaki Ota, ndiye aliyeanza kuueleza ugonjwa huo miaka ya 1980. Wanaougua ni wachache tu, ila wanaovunjika moyo ni wengi. Walikuwa wameona Paris ya filamu na magazeti. Wakakuta treni zimejaa, wahudumu hawana subira, lugha hawaielewi. Hata Mona Lisa, picha inayokimbiliwa na kila mtu pale makumbusho ya Louvre, ina sentimita 77 kwa 53 tu, iko nyuma ya kioo, na mbele yako kuna umati umenyanyua simu.

Halafu mmoja wetu akauliza, "Na sisi je?" Tukanyamaza.

Maana na sisi tuna Paris yetu, inaitwa Marekani. Hapa Nyarugusu, kambi iliyoanza 1996, tumekua tukisikia familia fulani imepanda ndege. Marekani tunaijua kwa picha za WhatsApp: koti jipya, gari, theluji. Picha hazisemi kwamba ile tiketi ya ndege ni mkopo, unaulipa kidogo kidogo ukishafika. Hazisemi kodi ya nyumba inalipwaje.

Dada mmoja tuliyeimba naye kwaya tulimpigia saa nne usiku. Kwake ilikuwa mchana, ndiyo anaamka, anafanya zamu ya usiku. Mume wake anafanya ya mchana. "Tunaonana vizuri Jumapili tu," alisema. Tukamuuliza, mbona kwenye picha unacheka? Akajibu, "Mlitaka nilie, na mama yuko huko anaangalia?"

Hatumlaumu. Na hatusemi ndoto ni mbaya. Yeye mwenyewe anasema watoto wanasoma, wanalala bila hofu, na kambini harudi. Lakini mtalii akichoka Paris ana tiketi ya kurudi kwao. Sisi hatuna. Ndiyo maana ukweli tunauhitaji kuliko yeye.

Tena ndoto hii inatula tukiwa bado hapa. Wenzetu wangapi wameacha ushonaji au shule wakisema "kesi yangu iko karibu"? Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Wapo waliokuwa wameshauza vitanda na masufuria. Wakabaki bila safari, bila fundi wa kuwafundisha, bila pa kulala.

Kwa hiyo tunaomba. Ninyi mlioondoka, tutumieni na picha ya kituo cha basi saa kumi alfajiri. Ninyi wafanyakazi wa mashirika, msingoje mtu apate tarehe ya ndege ndipo mumweleze maisha ya kule. Tuambieni mapema, hata wasio na kesi, na msiogope kwamba tutakata tamaa. Tumeshazoea habari ngumu.

Na sisi tuliobaki tujirekebishe. Tukipiga simu, swali la kwanza lisiwe "umenitumia nini?" Tuulize, "Umelala?"