Jiko la mkaa Chukwani: Kuacha nyama pekee hakutoshi

KWA mkazi wa Mji wa Unguja, chakula cha kuchoma kwenye makaa si anasa ya mwisho wa wiki. Ni mlo wa jioni wa kawaida. Jua likishazama, moshi hupanda kuanzia Bustani ya Forodhani hadi kando ya barabara za Wilaya ya Magharibi 'B', ambako mishikaki, kuku, pweza, muhogo, ndizi na mahindi huwekwa juu ya wavu mmoja.

Chukwani ni mfano mzuri wa hali hiyo. Eneo hilo lililo kusini mwa Mji, karibu na uwanja wa ndege, ndiko Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikojenga kasri la kupumzikia na kubadilisha hewa. Hivi sasa ndiko lilipo Baraza la Wawakilishi na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Wanafunzi, watumishi na madereva wanaoshinda huko wanahitaji chakula cha haraka, kinachoshibisha na kisichoumiza mfuko.

Kwa miaka kadhaa sasa wataalamu wa afya wamekuwa wakiwataka watu wapunguze nyama nyekundu na kuongeza vyakula vya mimea. Wapo waliouitikia wito huo kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: wameacha mishikaki na kuchukua muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili.

Wito huo una msingi, lakini unasikilizwa nusu. Mazungumzo yetu kuhusu uchomaji salama yanamtazama mlaji tu, tena yanatazama kile alichoacha kula. Hayaulizi ameweka nini mahali pa nyama, wala hayamtaji mtu anayesimama mbele ya moshi kila jioni ili mlaji huyo apate chakula chake.

Hofu ya nyama ina msingi

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo ni taasisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitangaza matokeo ya wataalamu 22 kutoka nchi 10. Nyama iliyosindikwa, zikiwamo soseji, iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo ushahidi umethibitisha kuwa vinasababisha saratani. Nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha ugonjwa huo.

Wataalamu hao walikadiria kuwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza kwa asilimia 18 uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana. Ni vyema ikafahamika kwamba makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Anayekula mishikaki miwili mara moja kwa wiki hawezi kulinganishwa na anayevuta pakiti ya sigara kila siku.

Uchomaji wenyewe nao una sehemu yake. Nyama ya ng'ombe, ya kuku au ya samaki inapokutana na moto mkali, viini vilivyomo katika misuli hubadilika na kutengeneza kemikali ambazo katika maabara zimeonekana kuharibu chembe za urithi. Mafuta nayo yanapodondoka juu ya makaa, moshi wake hurudi juu ukiwa na kemikali nyingine za aina hiyo na kuganda kwenye chakula. Ushahidi kwa binadamu bado haujakamilika, lakini unatosha kumfanya mtu awe na tahadhari.

Kinga yake haihitaji fedha. Kuondoa mafuta yanayoning'inia, kuinua wavu mbali na makaa, kugeuza nyama mara kwa mara na kukata sehemu iliyoungua kunapunguza kemikali hizo. Hata desturi ya hapa ya kuroweka nyama katika ndimu, ukwaju, tangawizi na thomu ina faida, kwani tafiti zimeonesha kuwa viungo vya aina hiyo hupunguza baadhi ya kemikali zinazotokana na moto mkali.

Muhogo si mboga

Hapo ndipo wengi wanapohitimisha kuwa dawa ni kuacha nyama na kula vya shambani. Kwa bahati mbaya, si kila cha shambani kinahesabika sawa.

WHO inashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Katika hesabu hiyo, shirika hilo linaeleza wazi kuwa viazi, viazi vitamu, muhogo na mizizi mingine ya wanga haimo. Kwa maneno mengine, aliyekula sahani mbili za muhogo wa kuchoma ameshiba, hajala nyama, lakini bado hajala mboga.

Chumvi ni suala jingine. Kiwango kinachopendekezwa na WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Muhogo unaonyunyizwa chumvi na pilipili mara mbili, kisha ukasindikizwa na soda, ni mlo usio na nyama ambao hauna haki ya kuitwa mlo wa afya. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari, tofauti hiyo si ya maneno.

Ieleweke kuwa hakuna anayeushitaki muhogo. Huu ni mwenyeji wa heshima katika futari na katika chakula cha usiku, ukiwa pamoja na shelisheli, ndizi na viazi vitamu. Tahadhari ni kwamba muhogo mchungu una kemikali zinazozalisha sumu ya sianidi, hivyo haufai kumenywa na kuwekwa moja kwa moja jikoni kama ule mtamu. Aidha, wanga wowote unaochomwa hadi ukawa mweusi hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo wanasayansi wa Sweden waligundua mwaka 2002 kuwa imo katika vyakula vingi vya wanga vilivyopikwa kwa moto mkali. Rangi ya dhahabu inatosha.

Kilichomo sokoni, kisichomo jikoni

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini wavu unaobeba muhogo na ndizi haubebi mboga, ilhali masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe yana bilingani, bamia, tungule, vitunguu, maboga na pilipili boga, ambayo Bara huitwa hoho?

Jibu haliko katika upishi. Bilingani likichomwa zima mpaka ganda likawa jeusi, likamenywa na kupondwa na thomu, ndimu na tui kidogo, ni kitoweo kamili. Familia za Kihindu, ambazo baadhi yake hazijawahi kugusa nyama kwa sababu za imani, zimekuwa na chakula cha namna hiyo kinachoitwa bharta kwa vizazi vingi, na jamii hiyo imeishi Mji Mkongwe tangu enzi za masultani. Bamia nzima zikitungwa kwenye kijiti na kupakwa mafuta kiasi cha kung'arisha tu, huiva kwa dakika chache bila ya ule utelezi unaowakimbiza watoto.

Mboga pia hazina viini vya misuli vinavyozalisha zile kemikali za nyama, na hazidondoshi mafuta juu ya makaa. Ndiyo kusema kwamba, kwa moto uleule, zina hatari ndogo zaidi.

Kizuizi ni biashara. Bilingani lililokatwa haliwezi kusubiri mteja hadi kesho, wakati muhogo mzima unasubiri. Mteja anayelipa anataka ashibe, na anaamini mboga ni ya nyumbani. Mchomaji hawezi kubeba hasara ya kuwafundisha wateja peke yake.

Hata hivyo, mlango wa kuingilia upo tayari. Vipande vya kitunguu na pilipili boga vimekwishazoeleka katikati ya nyama kwenye mishikaki, ila vimewekwa kama pambo. Kugeuza hesabu, yaani vipande viwili vya nyama na vinne vya mboga katika kijiti kimoja, hakumnyimi mteja ladha aliyoifuata na kunampunguzia mchomaji gharama ya nyama. Kwa yule asiyekula nyama kabisa, kijiti cha mboga tupu kiambatane na mbaazi, kunde au choroko, kwa sababu mboga peke yake haina protini ya kutosha. Na anayeacha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama, yakiwamo mayai na maziwa, anapaswa kutafuta vitamini B12 kwa njia nyingine.

Soko la vyakula hivyo haliwezi kupuuzwa. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na miongoni mwa wageni wa namna hiyo wapo wasiokula nyama, ambao mbele ya jiko la barabarani huambulia chipsi. Fedha wanayobaki nayo mfukoni ingeweza kumfikia mkulima wa mboga wa Unguja.

Moshi ni wa nani?

Tuseme yote hayo yamefanyika. Mlaji ameacha soseji, amepunguza chumvi na amekula bilingani lake. Aliyelichoma bado amesimama mbele ya jiko kwa saa nne au tano, akipepea makaa huku moshi ukimwingia machoni na kifuani. Mlaji anaupita moshi huo kwa dakika kumi. Mchomaji anaishi nao, na mara nyingi mtoto wake amekaa pembeni.

WHO inakadiria kuwa moshi wa nishati chafu majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kibanda cha barabarani kina upepo kuliko jiko la ndani, lakini kikizibwa kwa mabati na maturubai wakati wa masika kinakuwa chumba. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo inaweza kuua kabla mtu hajatambua kinachomsibu.

Kuna pia tabia ya kuwashia mkaa kwa vipande vya plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, lakini plastiki ya aina nyingine bado inaonekana chini ya majiko. Sumu yake inampata kwanza anayewasha, kisha inakipata chakula. Makumbi na vifuu vya nazi, ambavyo hapa havijawahi kuadimika, vinafanya kazi hiyo vizuri.

Gharama nyingine imejificha mbali na macho ya mlaji. Sehemu ya mkaa unaotumika mjini hutoka katika misitu ya maweni ya Unguja, na sehemu nyingine huvushwa kutoka Bara. Kwa mujibu wa sensa, watu wa Zanzibar waliongezeka kutoka 1,303,569 mwaka 2012 hadi 1,889,773 mwaka 2022. Visiwa havikuongezeka.

Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema. Lakini mchomaji wa Unguja ana kumbukumbu yake. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu kutokana na hitilafu ya njia ya umeme wa baharini kutoka Bara, na hata wenye majiko ya umeme walirudi kwenye mkaa. Njia mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, lakini somo la wakati ule halijafutika: mkaa hukaa kwenye polo, haukatiki.

Kazi iliyo mbele ya Chukwani

Kwa hiyo amri ya kupiga marufuku mkaa wa wachomaji, bila ya kuwapa njia nyingine ya uhakika, itawahamishia uchochoroni tu. Kinachowezekana ni hatua za kati. Mihogo na shelisheli zinaweza kuchemshwa kwanza kwa gesi, kisha zikamaliziwa kwenye makaa kwa muda mfupi ili zipate ladha ya moto. Mboga zinazoiva kwa dakika chache zinatumia mkaa mchache kuliko kuku mzima. Majiko banifu yenye bomba la kutolea moshi yanaweza kuwa sharti katika maeneo yanayotengwa kwa wachuuzi wa chakula, mradi wachuuzi wapate mkopo nafuu wa kuyanunua.

Wenye uwezo wa kuyapanga hayo hawako mbali. Wawakilishi wanaokutana Chukwani ndio wanaopitisha bajeti za afya, kilimo na serikali za mitaa, na jioni wanapotoka wanapita mbele ya majiko hayo hayo. Elimu ya lishe inayomwambia mwananchi apunguze nyama bila kugusa bei ya mboga, leseni ya kibanda na kifua cha mchomaji, ni elimu inayoishia kwenye bango.

Mlaji naye asisubiri Baraza. Akiuliza mboga kwenye jiko analolizoea, siku ya kwanza ataambiwa hakuna, na siku ya pili vilevile. Lakini mchuuzi anayeulizwa kitu kimoja kila jioni kwa wiki nzima hukitafuta sokoni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Na mteja huyo huyo ana haki ya kuuliza jambo moja zaidi kabla hajalipa: moto huu umewashwa kwa nini?