Aliyegharamia Somo la Uraia

Mwaka 1954 Wamarekani walionyeshwa filamu fupi ya rangi iitwayo The House in the Middle. Nyumba tatu ndogo za mbao zimesimamishwa katika jangwa la Nevada, kwenye uwanja wa majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mbili zimechakaa, na moja kati ya hizo imezungukwa na takataka. Ya katikati ni safi na imepakwa rangi nyeupe. Bomu linapolipuka, zile mbili zinateketea. Ya katikati inasalia. Mwananchi anaambiwa asafishe ua, atupe makaratasi makavu na apake nyumba yake rangi, kwa usalama wake na wa taifa.

Idara ya serikali ya ulinzi wa raia iliiunga mkono filamu hiyo. Lakini taasisi iliyoitoa, ambayo jina lake lilihimiza usafi, upakaji rangi na ukarabati bila kumtaja mfadhili, ilikuwa chombo cha chama cha watengenezaji wa rangi na vanishi. Wala hawakusema uongo mtupu. Ni kweli kwamba rangi nyeupe hurudisha joto na kwamba takataka kavu hushika moto upesi. Hata hivyo hakuna rangi inayozuia kishindo cha mlipuko wala mionzi. Na swali zito kuliko yote, yaani kama raia anaridhia serikali yake kuendelea kuunda na kulipua mabomu hayo, halikuulizwa. Aliyekuwa na hofu ya vita alielekezwa dukani.

Filamu za aina hii zilitengenezwa kwa maelfu kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Projekta za milimita 16 zilikuwa zimeenea shuleni, makanisani na katika kumbi za vyama. Kampuni nyingi zilitoa nakala bure, na mwalimu mwenye bajeti finyu alizipokea kwa shukrani. Rick Prelinger alianza kuzikusanya New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wengi waliziona kuwa taka, na leo nyingi kati yake mtu anaweza kuzitazama bila malipo. Huo ni utumishi mkubwa kwa umma.

Tuzitazame vipi, basi? Wapo wanaozicheka kwa ajili ya mavazi, sauti nzito ya msimulizi, na yule mwanamke anayecheza dansi katika jiko la siku zijazo kwenye Design for Dreaming, filamu ya General Motors ya mwaka 1956. Wapo wanaozipuuza kuwa ni propaganda tu, basi. Mimi naona wote wanapitwa na jambo. Anayecheka hujiaminisha kuwa yeye hadanganyiki kirahisi hivyo, na anayepuuza hajishughulishi kujua zilivyofanya kazi.

Chukua katuni ya Make Mine Freedom ya mwaka 1948. Mchuuzi aitwaye Dk. Utopia anauza dawa ya chupa inayoponya kila tatizo, ila anayeitaka lazima atie saini kuuacha uhuru wake. Ilitolewa na Chuo cha Harding, Arkansas, kwa fedha za wakfu wa Alfred Sloan, aliyekuwa mwenyekiti wa General Motors. Hivyo utajiri uliochimbuka kwenye magari uliwafundisha Wamarekani maana ya uhuru, na kampuni ileile ikawaonyesha gari la kutamani. Raia bora na mnunuzi bora wakawa mtu mmoja.

Si zote zilizokuwa hivyo. Despotism, iliyotolewa na Encyclopaedia Britannica Films mwaka 1946, inamfundisha mwanafunzi kuipima jamii yake: heshima imegawanywaje, madaraka yako mikononi mwa wangapi, mali imekusanyika kwa nani, na nani anadhibiti habari. Kwangu hii ndiyo filamu bora ya kundi hili, maana kipimo chake cha habari kinafaa kutumika kwa filamu nyingine zote zilizoingia darasani kwa hisani ya wenye bidhaa.

Ukikishika kipimo chake kingine, kile cha heshima, ahadi ya uraia wa dukani inabomoka. Mwaka 1957 jarida la Redbook lilitoa In the Suburbs, filamu ya kuwaonyesha watangazaji wa biashara jinsi vijana wa vitongojini wanavyonunua. Mwaka huohuo familia ya William na Daisy Myers, Wamarekani weusi, ilinunua nyumba Levittown, Pennsylvania. Walikuwa wametimiza kila walichohubiriwa: kazi, akiba, nyumba yao wenyewe. Walipokelewa na umati wa watu wenye hasira waliorusha mawe. Na tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi walinunua vitu vidogo katika duka la Woolworth mjini Greensboro, kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula na kukataliwa huduma. Kaunta moja ilipokea fedha zao, nyingine ikawakana. Somo la uraia walilolitoa siku ile halikudhaminiwa na kampuni yoyote.

Afrika Mashariki nayo ilionja. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu za kufundisha Waafrika chini ya utawala wa Kiingereza, na Shirika la Carnegie la New York likachangia fedha. Baada ya vita Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza katika Muhogo Mchungu, hadithi ya mshamba aliyeingia mjini. Kwa hiyo kuuliza nani aliyelipia filamu si swali la wageni tu.

Sitaki shule zikatae kila msaada. Kampuni ya sabuni ikiwafundisha watoto kunawa mikono, kuhara kutapungua kweli. Ninalodai ni kwamba filamu hizi za zamani zifundishwe katika somo la uraia, nzima nzima, na kwamba kila filamu mpya inayotolewa bure itaje aliyeilipia kabla picha ya kwanza haijaonekana. Mwalimu alisome jina hilo kwa sauti, kisha awaulize wanafunzi ni hatua gani raia angeweza kuichukua ambayo filamu haikuitaja. Pasipo jina, filamu irudishwe ilikotoka, hata kama inafundisha jambo jema.