Tulitolewa na Bao Tulilokosa

ASIYEKUBALI kushindwa si mshindani. Methali hiyo ndiyo iliyonijia usiku ule wa Ijumaa, Agosti 22, 2025, nilipokuwa nikishuka ngazi za uwanja wa Kasarani pamoja na maelfu ya wenzangu, kila mtu kimya kana kwamba tunatoka matangani. Harambee Stars ilikuwa imetolewa na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao wenyewe. Dakika 120 zilikwisha kwa sare ya 1-1, kisha Madagascar ikashinda 4-3 kwa mikwaju ya penalti.

Kushindwa nimekubali. Nisichokubali mpaka leo ni maelezo ya kushindwa huko. Ndani ya matatu ya kurudi mjini, hata hatujafika Muthaiga, kesi ilikuwa imekwisha kusikizwa na hukumu imekwisha kutolewa. Wenye makosa, abiria walikata shauri, ni vijana wawili waliokosa penalti, Alphonce Omija na Mike Kibwage. Mmoja alisema hawafai tena kuvaa jezi ya taifa. Mwingine akasema hata yeye na viatu vyake vya kazini angefunga. Watu wakacheka, na matatu ikaenda.

Mimi sikucheka. Nataka kuuliza hapa, mbele ya wapenzi wote wa mpira, kama hukumu hiyo ni ya haki.

Kwanza tukumbuke ni nani hasa aliyetufungia bao letu siku ile. Ni huyo huyo Omija, aliyepachika mpira wavuni kwa kichwa katika dakika ya 48, na Kasarani ikatetemeka. Pili, tukumbuke kazi yao. Wote wawili ni walinzi. Mlinzi kazi yake ni kuzuia, na walinzi wetu walizuia. Katika mechi tano za mashindano hayo Kenya ilifungwa mabao mawili tu: moja na Angola, na jingine ni ile penalti ya Fenohasina Razafimaro wa Madagascar katika dakika ya 69. Je, mtu akulindie nyumba, akulimie na shamba, kisha usiku akikosa kukupikia umfukuze?

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie kupima timu yetu. Tusianzie kwenye penalti, bali kwenye mabao.

KIBABA KISICHOJAA

Hebu tuhesabu pamoja. Tuliifunga Kongo ya Kinshasa 1-0, bao la Austin Odhiambo. Tukatoka sare ya 1-1 na Angola, Odhiambo tena, kwa penalti. Tukaifunga Morocco 1-0, bao la Ryan Ogam. Tukaifunga Zambia 1-0, Ogam tena. Halafu ikaja Madagascar, 1-1. Mechi tano, mabao matano. Hakuna hata mechi moja ambayo tulifunga la pili.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wahenga hao hawakuwa wachezaji wa kandanda. Katika kandanda kila mechi huanza na kibaba kitupu. Bao ulilolifunga Jumapili huwezi kulibeba likakusaidia Ijumaa. Tulipata pointi 10 tukaongoza kundi letu, na kila ushindi ulikuwa mwembamba kama uzi. Uzi ulishika mara ya kwanza, ukashika mara ya pili na ya tatu. Tukaanza kuamini kwamba ni kamba.

Sisemi haya ili kuwadharau vijana. Dhidi ya Angola tulicheza sehemu kubwa ya mechi tukiwa watu kumi, baada ya Marvin Nabwire kuonyeshwa kadi nyekundu. Dhidi ya Morocco, Chrispine Erambo alitolewa pia, na bado tulishinda. Siku zile bao moja lilikuwa utajiri, na ushujaa wa walinzi wetu ulistahili kila wimbo ulioimbwa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulisifu sana kulinda hata tukasahau kuuliza habari za kufunga.

Dhidi ya Madagascar ukweli huo ulitukuta. Tangu bao la Omija hadi filimbi ya mwisho ya muda wa nyongeza zilipita dakika 72. Kati ya hizo, 21 tulikuwa mbele. Nyingine 51 tulikuwa sawa, na kila mtu uwanjani alijua kwamba bao moja tu lingetupeleka nusu fainali. Bao hilo halikuja. Timu inayoachia mechi ifike kwenye penalti imekubali kurusha shilingi hewani, na shilingi ina pande mbili. Walioanguka upande mbaya tunawaita wenye makosa, ilhali kosa lilikuwa limekwisha kutendeka kabla hawajaupanga mpira juu ya alama.

Jambo la ajabu ni kwamba kocha wetu, Benni McCarthy, aliyeichukua timu Machi 2025, alikuwa mfungaji hodari kupita wengi wa bara hili. Ni yeye anayeongoza orodha ya wafungaji wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, na katika Kombe la Mataifa la 1998 alifunga mabao manne katika mechi moja dhidi ya Namibia. Mwaka 2004 alikuwa na Porto ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Mtu kama huyo hahitaji kuambiwa umuhimu wa bao la pili. Lakini kocha wa timu ya taifa hazai wafungaji. Huwachukua wale waliolelewa na wengine. Na mashindano yenyewe yalimfunga mikono: ilibidi achague kutoka ligi ya nyumbani peke yake.

MZEE NA REDIO YAKE

Kando yangu uwanjani aliketi mzee mmoja mwenye redio ndogo sikioni, ingawa mechi yenyewe ilikuwa mbele ya macho yake. Bao la Omija lilipoingia nilimkumbatia, nami simjui. Nikamwambia, "Mzee, sasa tumefika. Wavulana watulie tu, wakae nyuma."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu nyepesi. "Kijana, watulie kwa nini? Bao moja ni deni. Ukilikalia linakudai."

Akaniambia habari za 1987, mwaka ambao kila shabiki wa umri wake huutaja kama vile wengine wanavyotaja mwaka wa ndoa yao. Mwaka huo Kenya iliandaa Michezo ya Afrika, na timu yetu ikafika fainali, ikashindwa na Misri 1-0. Watu waliumia. Desemba hiyo hiyo Gor Mahia ikacheza fainali ya Kombe la Mandela na Esperance ya Tunisia. Mechi ya marudiano hapa Nairobi ilikwisha 1-1, lakini Gor Mahia ikachukua kombe, kwa sababu mechi ya kwanza huko Tunis ilikuwa imekwisha 2-2, na mabao ya ugenini yalikuwa na uzito zaidi.

"Unaona?" mzee akasema. "Lile moja la hapa halikutosha. Yalituokoa yale mawili ya kule."

Nilifikiri ni maneno ya wazee wa mpira, ambao kwao hakuna mchezaji mzuri aliyezaliwa baada yao. Dakika 21 baadaye Madagascar ilisawazisha, na mzee hakusema "nilikuambia." Aliipunguza tu sauti redio yake.

SISI MASHABIKI JE?

Sasa nije kwenye jambo litakalowaudhi wengine. Tumempima mchezaji, tumempima kocha. Nani atampima shabiki?

Mwezi ule wa Agosti tulivaa jezi, tukapaka nyuso rangi, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Ilikuwa fahari kubwa. Mwaka 2017 tulinyang'anywa uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa kuwa hatukuwa tayari. Mashindano yakapelekwa Morocco, na Morocco wenyewe wakatwaa kombe. Kwa hivyo 2025, tulipoandaa pamoja na Uganda na Tanzania, na kushiriki kwa mara yetu ya kwanza, tulikuwa na haki ya kushangilia. Ni kweli pia kwamba wengine wetu walivunja malango na kuingia bila tiketi, hata Shirikisho la Kandanda la Afrika likatutoza faini na kupunguza idadi ya watu waliokubaliwa uwanjani. Tulikuwa na kiu kweli kweli.

Lakini wale vijana tuliowaimbia hawakushuka kutoka mbinguni. Ni wachezaji wa ligi yetu. Ni wa Gor Mahia, ni wa Tusker, ni wa Kenya Police iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2024/25. Hucheza Dandora, hucheza Machakos, wiki baada ya wiki. Ukiondoa siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, mechi nyingi za ligi yetu huchezwa mbele ya viti vitupu, na sauti inayosikika zaidi ni ya kocha akimwita beki wake. Wakati huo sisi tumo ndani ya baa na vibanda vya video, tunagombana juu ya Arsenal na Manchester United, tukijua jina la mchezaji wa akiba wa Uingereza kuliko la mshambuliaji wa mtaani kwetu.

Msomaji mpenzi, kufunga bao ni mazoea kama mazoea mengine. Mshambuliaji hujifunza kutulia mbele ya lango kwa kuzoea kelele, kwa kukosa mbele ya watu wengi na kurudi tena Jumapili ijayo. Kijana aliyezoea kupiga shuti mbele ya watu mia mbili, tukimleta ghafla mbele ya maelfu na kumwambia taifa zima linamngoja, tusishangae mguu ukiwa mzito. Penalti zilizokosewa Kasarani zilihitaji kufanyiwa mazoezi kwenye kelele, na kelele ni kazi yetu sisi.

Tena mfungaji akitokea, hakai. Ogam, aliyetupa mabao mawili ya ushindi akiwa mchezaji wa Tusker, alikwenda kuchezea Wolfsberger ya Austria punde tu baada ya mashindano hayo. Hatumlaumu, riziki haikatawi, na ligi yenye viwanja vitupu haiwezi kumlipa mtu akabaki. Lakini ni lazima tuulize nani anayemfuata, na nani anayemtazama huyo anayemfuata.

KILICHOTUPONYOKA

Yaliyotokea baadaye yalizidisha uchungu. Morocco, tuliowafunga tukiwa watu kumi, ndio waliotwaa kombe. Na waliowafunga katika fainali, 3-2, mnamo Agosti 30, ni hao hao Madagascar waliotutoa sisi. Fainali ilichezwa pale pale Kasarani. Bingwa tulimfunga, na mshindi wa pili tulitoka naye sare katika dakika 120. Sioni kwamba tulikuwa mbali na kombe lile. Tulipungukiwa na bao moja.

Haikuwa aibu yetu peke yetu. Tanzania ilifungwa 1-0 na Morocco usiku ule ule, na Uganda ikafungwa 1-0 na Senegal siku iliyofuata. Wenyeji wote watatu walitolewa robo fainali, na kati yao ni Kenya pekee iliyoona wavu. Nchi hizo hizo tatu ndizo zilizopewa mwaka 2023 kazi ya kuandaa Kombe la Mataifa la 2027, ambako wageni watakuja na washambuliaji wao wa Ulaya. Ikiwa tutaingia huko na desturi ya bao moja moja, tutalia mapema zaidi.

Basi tuwaache Omija na Kibwage. Mpiga penalti ni mtu aliyekubali kusimama pale ambapo sisi wengine tulikuwa tumefumba macho. Mimi mwenyewe nilifumba. Niliambiwa matokeo na mzee wa redio.

Tulipofika langoni mzee huyo aliniuliza kama nitakuja uwanjani ligi itakapoanza. Nikamwambia nitajaribu. Akasema, "Hata wale wawili walijaribu, na umesikia wanavyotukanwa." Halafu akapotea kwenye umati, redio sikioni.

Nimekwenda mara kadhaa tangu siku ile. Nafasi ya kukaa ipo tele, na kiingilio si ghali. Wale walioniambia ndani ya matatu kwamba wangefunga kwa viatu vya kazini bado sijawaona.