Santuri Kuukuu Si Takataka

Wapo wasemao kwamba kituo kidogo cha redio kinachopiga nyimbo za kale kinapoteza masafa. Nawapinga bila kumung'unya maneno. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za Kiswahili. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulibeba dakika tatu hivi tu. Hapakuwa na nafasi ya kupayapaya. Sisi tunaodai kuipenda lugha tutajifunzia wapi ufundi huo, iwapo sauti zenyewe zimefungiwa makabatini? Diwani hutupa maneno. Haitupi lafudhi, wala pumzi, wala pale mwimbaji anapolivuta neno ili mizani itimie. Nilifundisha ushairi kwa chaki na ubao miaka mingi, na wanafunzi wangu walihesabu silabi kama wahesabuo kokoto. Sikio ndilo lililokosa mwalimu.

Hata hivyo, ninyi wenye vituo hivyo nanyi nawadai. Katika taarabu, mara nyingi mtunzi ni mwingine na mwimbaji ni mwingine. Watajeni wote wawili. Kumtaja mwimbaji na kumwacha mshairi ni kumnyima mtoto ubini wake.