Hisa za kampuni za dawa: Fununu haiwezi kuwa ushahidi

WAHENGA walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika soko la hisa, hususan hisa za kampuni zinazotafuta dawa mpya, methali hii imewatia hasara wengi walioishika bila kuipima.

Siku hizi Mkenya mwenye simu na akiba ndogo anaweza kununua hisa zinazouzwa New York bila kuondoka nyumbani kwake. Fursa hiyo huja na maneno mengi: kwamba kampuni fulani imepata tiba, kwamba idhini ya serikali imo njiani, na kwamba atakayechelewa atajuta.

Anayetaka kujua uzito wa maneno ya aina hiyo hana budi kurejelea kisa cha kampuni ya ImClone ya Marekani.

Mnamo Mei 2001, kampuni hiyo iliwatangazia madaktari matokeo ya dawa yake ya saratani ya utumbo mpana, Erbitux. Kati ya wagonjwa 120 waliopewa dawa hiyo pamoja na nyingine ya kawaida, uvimbe ulipungua kwa kiasi kikubwa kwa asilimia 22.5. Sifa zilienea. Kufikia Septemba, kampuni kubwa ya Bristol-Myers Squibb ilikuwa imekubali kununua takriban sehemu moja ya tano ya hisa, yaani karibu asilimia 20, kwa dola 70 kila moja.

Mnamo Desemba 28, 2001, Shirika la Kusimamia Chakula na Dawa la Marekani, FDA, lilikataa hata kulipokea ombi la kuidhinisha dawa hiyo. Siku ya biashara iliyofuata, Desemba 31, bei ya hisa ilishuka kwa asilimia 16 hadi dola 46. Katikati ya 2002 ilikuwa chini ya dola 10.

Hata hivyo, wapo waliodokezewa mapema. Mkuu wa kampuni, Sam Waksal, alijaribu kuuza hisa zake mwenyewe kabla ya tangazo, na jamaa zake wakauza zao. Mfanyabiashara mashuhuri Martha Stewart naye aliuza hisa 3,928 mnamo Desemba 27, baada ya kuambiwa kupitia ofisi ya wakala wake kwamba Waksal alikuwa akiuza.

Fununu hiyo ilikuwa ya kweli. Iliwafaidi nini? Waksal alihukumiwa Juni 2003 kifungo cha miaka saba na miezi mitatu. Stewart, ambaye aliepuka hasara ya takriban dola 45,000 pekee, alipatikana na hatia Machi 2004 ya kuwadanganya wachunguzi na kuzuia haki, akafungwa miezi mitano.

Hapa pana funzo la kwanza. Fununu kutoka ndani ya kampuni ikiwa ya uongo, itakupotezea fedha. Ikiwa ya kweli, huenda ikakufikisha kizimbani. Sheria ya Masoko ya Mitaji ya Kenya pia inaharamisha biashara inayotegemea siri za ndani.

Funzo la pili ni zito zaidi. Barua ya FDA ilikuwa siri, lakini udhaifu wa utafiti ulikuwa peupe tangu Mei. Wagonjwa wote walipewa dawa mbili kwa pamoja. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hivyo haikujulikana kama dawa ya pili ilihitajika. Mwekezaji aliyeuliza swali moja tu, 'wamelinganishwa na nani?', angeiona hatari hiyo bila kunong'onezewa na yeyote.

Kinaya ni kwamba dawa yenyewe haikuwa bure. Kampuni ya Merck KGaA ya Ujerumani ilifanya utafiti mpya kwa wagonjwa 329, ukiwa na makundi mawili. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 22.9 ya waliopewa dawa zote mbili, ikilinganishwa na asilimia 10.8 ya waliopewa Erbitux peke yake. FDA iliiidhinisha Februari 2004. Waliovumisha kwamba dawa hiyo ni ulaghai mtupu walikosea sawa na waliovumisha kwamba ni muujiza.

Eli Lilly iliinunua ImClone mwaka wa 2008 kwa dola bilioni 6.5, yaani dola 70 kwa hisa. Kwa maneno mengine, aliyenunua kwa dola 70 mwaka wa 2001 na kuzishikilia kwa miaka saba alirudishiwa fedha zake zile zile. Dawa nzuri si lazima iwe hisa nzuri.

Wakenya hawapaswi kukiona kisa hiki kuwa cha mbali. Mwaka wa 1990, Kemron ilitangazwa humu nchini kwa shangwe kuwa dawa ya Ukimwi. Ushahidi ulitokana na wagonjwa wachache, bila kundi la kulinganishia. Utafiti wa baadaye nchini Uganda, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 500, baadhi yao wakipewa tembe zisizo na dawa, haukuona manufaa yoyote. Waliolipia matumaini yale hawakuwa wawekezaji bali wagonjwa.

Basi anayekusudia kununua hisa za aina hii aulize: Ni wagonjwa wangapi waliohusika? Walilinganishwa na nani? Lengo la utafiti liliwekwa kabla au lilibadilishwa baada ya matokeo kuonekana? Je, mgonjwa aliishi muda mrefu zaidi, ama ni vipimo tu vilivyobadilika? Na kampuni ina fedha za kuiwezesha kungoja jibu?

Mtu asipopata majibu hayo katika taarifa zilizo wazi kwa wote, asijidanganye kwamba anawekeza. Anacheza kamari, na karo ya watoto au akiba ya chama haifai kuwa dau katika mchezo huo.