Kompyuta Ikizimika Kabla ya Mgao

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya chombo ambacho zamani kilikuwa cha ofisini tu, lakini sasa kimeingia nyumbani mwetu hata huku Masakta: kompyuta ndogo ya kubeba, tunayoiita laptopu. Mara nyingi ni ya baba mwalimu au ya binti aliye chuoni, na mama huiazima jioni ili aandike hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa za wanachama, mikopo, faini za kuchelewa na mfuko wa jamii, vyote vimo humo.

Tuseme ni wiki ya mwisho kabla ya mgao wa Desemba. Mmoja amekwisha kuhesabu bati za nyumba, mwingine mbegu, mwingine sare za watoto za Januari. Katibu anabonyeza kitufe, na kioo kinabaki cheusi. Laptopu yenyewe ni hasara, ndiyo, lakini linalotisha ni jambo jingine. Katika kikundi, hesabu isiyoonekana hugeuka haraka kuwa shutuma, na shutuma humfuata mama mpaka bombani na kanisani.

Basi la kwanza ni kuzuia mikono. Kila nyumba ina kijana wake anayejua kompyuta, naye atataka kuiwasha mara ishirini. Mwambieni asubiri. Chomoeni chaja, na kama betri ni ya kutoka nje, itoeni. Shikilieni kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisheni chaja na mjaribu mara moja. Ikiwa taa zinawaka na feni inavuma lakini kioo ni cheusi, mulikeni kioo kwa tochi ya simu. Mkiona picha hafifu, kilichokufa ni mwanga wa kioo tu. Unganisheni na runinga kwa waya, nanyi mtaona kila kitu.

Kama chai imemwagika, msiiwashe kabisa. Kateni umeme, igeuzeni kifudifudi, na msiianike juani wala karibu na jiko. Kuifukia katika mchele hakusaidii, mchele pikeni.

Tuelewe pia kwamba laptopu ina mwili na ina kumbukumbu. Mwili ni kioo, betri, chaja na bodi. Kumbukumbu ni diski. Mara nyingi unaokufa ni mwili, na diski imebaki nzima. Katika laptopu nyingi fundi hufungua skrubu chache, huitoa diski, huiweka katika kava yenye waya na kuisomea katika kompyuta nyingine. Zile nyembamba za siku hizi zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi, na hapo sharti bodi itengenezwe kwanza. Tena, kompyuta nyingi mpya za Windows hufunga diski kwa siri, na ukiihamishia kwingine hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umo katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, basi baba au binti asisahau neno lake la siri.

Ikiwa diski ni ya zile zenye sahani zinazozunguka, nayo inagonga tik tik tik, zimeni papo hapo. Kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na kila mzunguko unaweza kuikwangua zaidi. Fundi asiifungue mezani penye vumbi. Kazi hiyo ina maabara zake, na gharama yake si ndogo.

Faili likifutwa kwa bahati mbaya, mambo ni mengine. Katika diski za sahani na flashi, kufuta ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu cha nyimbo: nyimbo bado zimo, mpaka mtu aandike juu yake. Kwa hiyo msiweke programu yoyote mpya katika diski hiyo. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier. Huendeshwa kutoka kompyuta nyingine, na kinachookolewa huwekwa katika diski nyingine. Katika diski mpya zisizo na sahani matumaini ni madogo, kwa kuwa kompyuta yenyewe huzisafisha mapema.

Anayetoka Masakta kutafuta fundi huenda Katesh au Babati. Kabla ya kumwachia, mwambieni waziwazi: ndani kuna hesabu, usifute. Mwandikieni karatasini naye atie sahihi, pamoja na bei. Wapo mafundi ambao dawa yao kwa kila ugonjwa ni kupiga Windows upya, na anaporudisha laptopu inang'aa, hesabu zimekwenda. Kumbukeni pia kwamba mna majina, namba za simu na madeni ya watu. Tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na taarifa za watu si za kuachwa mezani kwa kila apitaye.

Lakini kabla hata ya nauli ya Katesh, tafuteni nakala zilizokwisha kutawanyika bila mtu kujua. Je, katibu hakumtumia mwenyekiti jedwali kwa WhatsApp mwezi wa nane? Je, duka la kuchapisha karatasi halina faili mlilopeleka? Afisa maendeleo ya jamii hakutumiwa taarifa? Miamala ya simu nayo ina kumbukumbu zake. Na hazina kubwa kuliko zote iko mikononi mwa wanachama: kila mmoja ana kitabu chake chenye mihuri ya hisa na mikopo. Kusanyeni vitabu vyote siku moja, msome kwa sauti mbele ya kikundi, katibu akiandika upya. Ni kazi ya kutwa nzima, na mabishano hayakosekani, lakini hesabu hurudi. Tena hurudi mbele ya macho ya wote, jambo ambalo laptopu haikuwahi kufanya.

Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, miongoni mwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Walioupanga utaratibu huo walitaka sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu. Sisi tumelilinda sanduku hivyo hivyo, kisha hesabu ya kilichomo tukaiweka katika chombo kimoja, chini ya neno la siri la mtu mmoja. Hilo tunaliona ni kosa kubwa kuliko chaja mbovu.

Flashi yenye nakala ikae ndani ya sanduku lenyewe, chini ya kufuli zile tatu. Na nakala nyingine ikae nyumba nyingine kabisa. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba zilibebwa pamoja na vyote vilivyokuwamo. Aliyeweka daftari kabatini na flashi kwenye droo ya kabati hilo hilo alikuwa na nakala moja tu.

Kila mkutano unapokwisha, kabla ya kufuli kufungwa, katibu apige picha ukurasa wa siku hiyo na kuwatumia wanachama wawili wanaokaa vitongoji tofauti. Data yake haifiki bei ya nyanya.